Kanga ya bibi kwa gwashi: nyeupe inapogeuka waridi na uso unapopauka

"Shikamoo mwalimu. Nachora picha ya bibi yangu kwa rangi za gwashi, nataka nimpe zawadi. Naitoa kwenye picha ya harusi ya mama ya mwaka 1987. Bibi amekaa kwenye kiti, amevaa doti ya kanga nyekundu yenye korosho nyeupe, yale maua yenye umbo la korosho, na pindo jeusi. Moja kajifunga, nyingine kajitanda. Jina la kanga ni WEMA HAUOZI. Nimeshaharibu karatasi tatu. Nikipaka korosho nyeupe juu ya nyekundu, zinageuka waridi. Pindo jeusi likikauka linakuwa la kijivu kama mkaa wenye vumbi. Uso wa bibi umekuwa kama wa mtu aliyepauka. Na kanga yenyewe, hata nikijitahidi maua yatoke sawasawa, inaonekana kama imebandikwa kwenye mwili. Rafiki yangu mmoja anasema nichanganye gundi ya mbao, mwingine anasema nipake vanishi mwishoni. Au niachane na gwashi ninunue akriliki? Niko Tanga."

Marahaba, mwanangu. Katika swali lako naona mambo mawili yamefungwa fundo moja. Kuna tabia ya rangi yenyewe, ambayo ukiielewa nusu ya machungu yako yataisha. Halafu kuna namna unavyoitazama kanga, na hilo ndilo kubwa zaidi, wala halitibiwi na gundi, vanishi au akriliki. Karatasi tatu si nyingi kwa mtu anayejifunza gwashi peke yake. Usizitupe, nitakwambia kazi yake.

Tuanze na waridi. Gwashi ni ndugu wa damu wa rangi za maji. Ndani ya tyubu mna unga wa rangi uliosagwa laini, maji, na utomvu wa mgunga, ule unaovunwa kwa wingi Sudan. Tofauti yake na rangi za maji za kawaida ni kwamba unga ni mwingi zaidi, na wengine huongeza unga mweupe wa chaki, ili rangi ifunike kilicho chini yake. Watu wakisikia "inafunika" hudhani gwashi ni kama rangi ya ukutani: paka, subiri ikauke, paka nyingine juu. Hapo ndipo wanapopotea. Rangi ya ukutani ikishakauka, imekauka. Utomvu wa mgunga ni kama sukari iliyogandia chini ya kikombe cha chai: ukirudisha maji unalainika tena, iwe kesho au baada ya miaka kumi.

Sasa fikiria brashi yako ilivyokwenda. Nyeupe uliyoilainisha kwa maji mengi iligusa nyekundu iliyokauka. Mguso wa kwanza uliilowesha, wa pili ukaiinua kutoka kwenye karatasi, wa tatu ukaikoroga. Kufikia wa tano ulikuwa umeshatengeneza waridi safi kabisa juu ya karatasi. Dawa yake ni maji machache na miguso michache. Koroga nyeupe iwe nzito kama mtindi ulioganda vizuri, futa brashi kwenye kitambaa ibaki na unyevu tu, ijaze rangi, igusishe mara moja, uinue. Korosho moja, mguso mmoja, labda miwili. Ikikauka ukaona wekundu bado unachungulia, pitisha mara ya pili, lakini baada ya kukauka kabisa.

Na hapo kwenye kukauka kabisa, mtu wa Tanga ana shida ambayo mtu wa Dodoma hana. Hewa ya pwani ina unyevu, na rangi inaweza kuonekana kavu huku tumbo lake bado bichi. Usiipime kwa kidole wala kwa macho. Weka mgongo wa mkono juu ya karatasi bila kubonyeza. Ukisikia ubaridi, maji bado yanatoka. Subiri mpaka joto lake liwe sawa na la sehemu ambayo hukuipaka.

Kuna nyekundu nyingine, hasa zile kali zinazoelekea waridi na zambarau, ambazo zimetengenezwa kwa rangi inayochuja kama kitambaa kibaya. Hizo zitapenya nyeupe hata ufanyeje. Paka doa lake pembeni, likauke, weka nyeupe nzito juu yake mara moja, ulale, uangalie asubuhi. Nyeupe ikiwa imekula wekundu, badilisha nyekundu. Kwa korosho kubwa mimi sipendi kupaka nyeupe juu hata kidogo. Nazichora kwa penseli, napaka nyekundu kuzizunguka, naacha nafasi yake tupu kisha naijaza. Nukta ndogondogo ndizo ninazoziweka juu. Inachosha, lakini nyeupe yake inakuwa nyeupe kweli.

Pindo lililopauka ni habari nyingine. Anika kanga mbili zinazofanana, moja kavu na moja iliyotoka kusuuzwa. Ile mbichi ina rangi nzito, iliyoiva. Maji yamejaza nafasi kati ya nyuzi na mwanga unazama ndani. Maji yakiondoka, hewa inaingia mahali pake, mwanga unatawanyika juujuu, na jicho linaona rangi iliyochujuka. Gwashi ndivyo ilivyo. Rangi nzito zikikauka hupanda, zinakuwa nyepesi kuliko ulivyoziona mbichi. Zile nyepesi zenye nyeupe nyingi mara nyingi huenda upande wa pili, hushuka kidogo. Kwa hiyo picha uliyoiacha jioni ikiwa na nguvu, asubuhi unaikuta mwanga na kivuli vimesogeleana katikati, na unaanza kulaumu macho yako.

Ndiyo maana gwashi haihukumiwi ikiwa mbichi. Kata ukanda wa karatasi ileile unayochorea. Kila rangi unayoichanganya, weka doa kwenye ukanda, lipepee kwa feni hadi likauke, ndipo ulilinganishe. Ukishaipata rangi sahihi, changanya ya kutosha eneo lote kwa mkupuo, kwa sababu kuipata ileile mara ya pili ni bahati. Iweke kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, hata kile cha mafuta ya mgando kilichooshwa vizuri. Ila usiiache humo wiki nzima: huko kwenu itaota ukungu.

Nyeusi ya tyubu ikiwa peke yake na maji mengi ndiyo inayopauka vibaya. Ukizidisha maji utomvu unakuwa mchache, unga unabaki juu ya karatasi bila kitu cha kuushika, na hilo ndilo vumbi la mkaa unaloliona. Changanya buluu ya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa hadi upate giza lenye uzito, kisha ongeza nyeusi kidogo. Ipake ikiwa nzito kiasi. Halafu angalia nguo nyeusi iliyoanikwa dirishani: sehemu kubwa yake si nyeusi. Inapopigwa na mwanga ni buluu-kijivu nzito, na nyeusi halisi imejificha ndani ya mikunjo. Ukipaka pindo lote kwa giza lako la mwisho, huna tena giza la kutengenezea mikunjo, na linaonekana tundu. Anzia na giza jepesi kuliko hilo, uhifadhi lile zito kuliko yote kwa mistari michache mwishoni.

Uso wa bibi sasa. Umetumia neno lenyewe, amepauka, na sababu ni nyeupe. Ulitaka paji la uso lipate mwanga, ukatia nyeupe kwenye kahawia. Nyeupe haiinui rangi peke yake, inaipoza pia na kuitia ujivu, ndiyo maana ngozi nyeusi iliyoinuliwa kwa nyeupe huwa kama haijapakwa mafuta tangu kipupwe kianze. Inua kwa oka ya njano, ile njano ya udongo, kwa siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, kwa tone la chungwa. Shusha kwa amba na ultramarini, si kwa nyeusi. Nyeupe iwe na nafasi moja tu: ule mng'aro mdogo kwenye ncha ya pua, juu ya shavu, labda kwenye paji, na hata huo uutie buluu kidogo kwa sababu ni mwanga wa dirisha unaodunda. Usizidi ukubwa wa punje ya mchele.

Na usisahau kanga aliyojitanda. Nyekundu iliyo karibu na shingo hurusha wekundu wake juu, chini ya taya na ubavuni mwa shingo. Weka hapo siena iliyotiwa nyekundu ya kanga yenyewe. Wanaojifunza wengi hupaka uso kama kazi moja na nguo kama kazi nyingine, kisha hushangaa kwa nini kichwa kinaonekana kimeazimwa. Wekundu huo wa chini ya taya ndio unaovishika pamoja.

Nimefika mahali nilipotaka kukaa muda mrefu: kwa nini kanga inaonekana imebandikwa. Umeandika kwamba unajitahidi maua yatoke sawasawa. Hapo ndipo penye tatizo. Maua ya kanga yako sawasawa dukani, kanga ikiwa imetandazwa mezani. Ikishavaliwa, hakuna korosho mbili zinazofanana. Mwanamke aliyekaa kitini amevuta kanga kutoka kwapani, ambako imekazwa, hadi nyongani. Hapo kitambaa kimebanwa na mikunjo inatoka kama miale kuelekea pale kilipokazwa. Kutoka nyongani paja limelala kuelekea kwako, kwa hiyo korosho za pale unaziona zimefupika, zimekuwa kama mbegu. Kwenye goti kitambaa kimetandwa, zinafunguka. Chini ya goti kinaning'inia kwa uzito wake, mikunjo inashuka wima, na korosho iliyokutwa na mkunjo imemezwa nusu, nusu ya pili inatokea upande wa pili ikiwa imehama kidogo.

Fanya hivi kabla hujagusa brashi tena. Mwombe mtu wa nyumbani ajifunge kanga yoyote, akae dirishani kama bibi alivyokaa. Chagua safu moja tu ya maua, uifuate kwa macho kutoka kiunoni hadi mguuni. Ichore hiyo safu peke yake. Tazama inavyopinda, inavyozama, inavyoibuka. Saa moja ya zoezi hili itakufaa kuliko tyubu mpya za bei yoyote.

Angalia pia upya wa kanga. Mpya bado ina wanga, ni ngumu, mikunjo yake ina kona, na mara nyingi alama za jinsi ilivyokunjwa dukani bado zinaonekana kama mistari ya mraba. Kuukuu iliyofuliwa miaka inalala laini, mikunjo ni ya mviringo. Bibi yako alikuwa harusini kwa binti yake. Kuna uwezekano mkubwa doti ile ilikuwa mpya, na ukichungulia picha vizuri huenda ukaiona ile mistari. Ukiipata, ichore. Mtu yeyote wa pwani atakayeitazama atajua mara moja kwamba siku ile ilikuwa ya sherehe.

Ukiwa tayari kupaka, anza na kanga isiyo na maua. Ndiyo, nyekundu tupu. Changanya nyekundu tatu: ya kati, ambayo ni ya kanga yenyewe, ya kivuli, iliyotiwa amba na ultramarini kidogo, na ya mwangani, iliyotiwa chungwa. Usitie nyeupe hapo, itakurudisha kwenye waridi. Kwa hizo tatu jenga paja, goti, mikunjo, mpaka mtu aone kuna mwili ndani ya nguo. Umbo la korosho kubwa liwe limeshachorwa kwa penseli likifuata mikunjo hiyo, ulizunguke. Rudi nyuma hatua tatu, fumba macho nusu. Kama mwili haupo, maua hayatauleta.

Ndipo korosho zenyewe, nazo ziwe za nyeupe tatu. Iliyo mwangani ni nyeupe yenye tone la njano. Ya katikati ni kijivu chepesi kilichotiwa wekundu. Iliyo kivulini ni kijivu-zambarau, nzito kuliko unavyothubutu, ambayo ukifumba macho nusu inakaribiana na nyekundu ya mwangani. Hili la mwisho ndilo wanafunzi wangu hukataa hadi waone kwa macho yao. Wanajua korosho ni nyeupe, kwa hiyo wanapaka nyeupe hata gizani, na ua linaruka nje ya mkunjo kama karatasi iliyogandishwa. Ukiwahi kuona michoro ya mavazi ya Léon Bakst, aliyebuni nguo za wachezaji wa Ballets Russes, kundi la dansi ya baleti, mjini Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, tazama miduara na maua yake: yanageuka pamoja na paja, yanabanwa kiunoni. Nguo ile hujaiona ikichezwa, lakini unajua mwili umesimama vipi ndani yake.

Jina la kanga lina kishawishi chake. Utataka WEMA HAUOZI isomeke yote, maana ndiyo maneno ya bibi. Lakini jina hukaa upande wa chini, juu ya pindo, na aliyevaa akikaa mbele yako sehemu yake imezunguka nyuma au imeingia kwenye mkunjo. Andika kile tu kinachoonekana. WEM, kisha mkunjo, kisha AU iliyopinda, kisha ncha ya Z. Anayejua Kiswahili atamalizia mwenyewe. Herufi zilale na kitambaa, zisisimame wima kama kibao cha duka. Ukitaka maneno yote yasomeke, kuna kanga ya kujitanda. Kama upande wa jina umeangukia kifuani, hapo unayo ruhusa.

Kuhusu ushauri wa rafiki zako. Gundi ya mbao kweli itaizuia rangi isilainike tena kirahisi, na kwa bango la shule inafaa. Lakini inatoa utando wenye mng'aro wa hapa na pale, inaharibu brashi, na inakunyima kile kizuri cha gwashi, uwezo wa kulainisha ukingo wa kivuli kwa brashi yenye unyevu hata siku ya pili. Kwenye sura ya mtu sitaki ukose hicho. Vanishi ni hatari zaidi. Tumezoea ngozi iliyopauka hupakwa mafuta, kwa hiyo wazo linaeleweka. Ila vanishi ya maji ukiipaka kwa brashi itaikoroga picha nzima, na ile ya kupuliza hushusha rangi bila usawa, ukapoteza ule ukavu laini unaofanana na pamba. Weka picha nyuma ya kioo, na kati ya kioo na karatasi pawe na fremu ya kadibodi ili visigusane, kwa sababu ya unyevu wa kwenu. Isining'inie panapopigwa na jua. Nyekundu ndizo huwahi kuchujuka.

Akriliki ni chaguo halali, sikufichi. Ikikauka hairudi, kwa hiyo korosho zako zingekaa juu ya nyekundu bila ugomvi. Kama shida yako ingekuwa maua tu, ningesema nunua. Lakini kwenye joto la Tanga inakauka kabla hujamaliza kulainisha shavu, na ukisahau brashi robo saa umeipoteza. Ipo pia gwashi ya akriliki, ambayo haing'ai na haiyeyuki tena, na wachoraji wengi wa nguo wanaipenda. Ukiipata kwa bei unayoimudu, itumie kwa nyekundu tatu za chini, kisha korosho, jina na uso uvifanye kwa gwashi yako. Ipake nyembamba, maana gwashi haishiki vizuri juu ya akriliki nene. Kabla ya hayo yote, hakikisha karatasi. Kama ulitumia manila, inanyonya utomvu na kujikunja, na rangi nene juu yake hupasuka. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, hata moja, uikate vipande viwili. Na usichonge ncha ya brashi kwa mdomo. Baadhi ya nyekundu na njano zina kadimi, ambayo ni sumu.

Jambo moja hukuliuliza. Picha ya 1987 usiiamini kwa rangi. Picha nyingi za rangi za miaka ile zimegeuka, buluu imekufa na kila kitu kimeelekea wekundu. Huenda kahawia unayoihangaikia usoni mwa bibi ni ya karatasi ya picha, si yake. Umesema unataka kumpa zawadi, kwa hiyo yupo. Kaa naye dirishani asubuhi, uangalie ngozi yake kwa nuru ya kweli, na muulize kama kanga ile bado iko sandukuni. Bibi wengi hawatupi doti ya harusi ya binti. Kama picha yenyewe imegandia kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Ipige picha nyingine ikiwa hapohapo, na ya asili umpelekee mtu anayehifadhi picha za zamani.

Mengine siwezi kukufundisha kwa maandishi. Kiasi cha unyevu kwenye brashi kinajifunzwa kwa kusimama karibu na mtu anayepaka. Ukijaribu haya na nyeupe bado inakoroga, au sura haifanani na bibi hata baada ya mwanga kukaa sawa, tafuta macho ya mtu. Bagamoyo ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, na Dar es Salaam kipo kituo cha wasanii cha Nafasi Art Space, kote huko utakuta wachoraji. Ukienda, beba zile karatasi tatu pamoja na ukanda wako wa madoa. Fundi akiona ulipoanzia kukosea atakusaidia haraka kuliko akiona picha iliyokamilika. Na migongo ya karatasi hizo ni mitupu bado: ndiyo mahali pa kujaribia korosho zako za kwanza, mguso mmoja mmoja.